Maji ya Kwenye Chupa ya Peroksaidi

Mimi hasira zangu ziko karibu, sikatai. Binti yangu aliponiambia mbele ya mteja kwamba nimekosea swali la Form Two, nilirusha kitana.

Tulikuwa kwenye saluni yangu hapa Kinoo. Yeye alikuwa Form Three, mimi nina miaka thelathini na nne na nilikuwa nimejiandikisha kurudia mtihani wa Form Four. Nilitaka unesi. Masomo mengine nilijikokota nayo, lakini kemia ilinikalia kooni, na bila C ya kemia chuo hakinichukui. Mara ya kwanza sikuifanya kabisa. Siku ya karatasi hiyo nilikuwa leba, nikimzaa huyu huyu. Sikuwa nimewahi kumwambia.

Swali lilikuwa la haidrojeni na oksijeni kuungana kuwa maji. Kushoto oksijeni ni mbili, kulia ni moja. Nikaona rahisi: nikachomeka namba 2 ndogo chini ya O ya kulia, pande zikatoshana.

"Namba ndogo haiguswi, Mama. Unaweka namba kubwa mbele."

"Si zimetoshana? Unataka nini tena?"

Hakubishana. Alienda kwenye rafu, akaleta ile chupa ya peroksaidi ninayopaushia nywele, akamimina kidogo kwenye kikombe. "Hicho ndicho umeandika. Haya, kunywa maji yako."

Mteja chini ya draya alicheka mpaka rola zikamdondoka. Woi! Miaka yote hiyo chupa inaniunguza vidole, kumbe ni maji yaliyoongezwa oksijeni! Niliona aibu, halafu nikacheka na mimi.

Tangu siku hiyo alinifundisha kila Jumamosi, katikati ya vichwa. Viwili vikishikana kuwa kimoja, huo ni muungano. Kimoja kikivunjika kuwa viwili, mtengano. Nikamuuliza kuhusu chupa niliyoisahau juani ikavimba.

"Mtengano," akasema. "Peroksaidi inakuwa maji, na oksijeni inatafuta pa kutokea."

Siku ya mtihani, watoto waliniona mlangoni wakasimama wote, "Good morning, madam," wakidhani mimi ndiye msimamizi. Nikawaambia wakae, nami nikatafuta dawati langu. Na kwenye karatasi, Mungu si Athumani, nikakutana na peroksaidi. Sawazisha, taja aina ya mmenyuko. Nikaweka namba kubwa mbele. Ndogo sikuzigusa.

Matokeo yalikuja kwa simu nikiwa namsuka mtu. C. Haina jumlisha, haina toa. Nilipiga kelele jirani wa duka la maziwa akaja mbio.

Binti yangu aliitazama simu, kisha akaanza kulia, na si kilio cha furaha.

"Nyanya aliniambia," akasema. "Kwamba ulikosa kemia juu yangu. Nilitaka tu uipate."

Kumbe Jumamosi zote zile alikuwa amebeba hilo! Moyo uliniuma, na mimi nikiumwa sauti hupanda.

"Sikiliza wewe! Siku ile wangeniambia nichague, karatasi au wewe, ningekuchagua wewe, kemia iende ikalale. Umesikia?"

Akaitika kwa kichwa, akajifuta kamasi kwa taulo langu la wateja. Sikumgombeza.