Posa Iliyopigiwa Kura Bwera

Nilikwenda Bwera kwa sababu kaka yangu aliumwa mgongo. Mgongo huo ulianza kumuuma siku ile ile tulipopata habari kwamba posa ya mwanawe, Deusi, imerudishwa kwa mara ya pili. Mara ya kwanza alikwenda mdogo wetu, akarudi Bukoba hataki kusimulia. Mara ya pili akatumwa mwalimu mmoja, rafiki wa familia, naye akarudi akichechemea. Tulichoambulia kwao ni kwamba baba wa binti ni mwanajeshi mstaafu, na kwamba ukikaa kwake usikunje nne.

Deusi ni fundi wa injini za malori mjini Kasese, magharibi mwa Uganda. Binti aliyempenda anaitwa Biira, wa Bwera, karibu na mpaka wa Kongo. Deusi alinipigia simu kwa sauti ya mtu aliyefiwa. Afande Bwambale, baba wa Biira, alikuwa amekubali kupokea ujumbe wa tatu, lakini huo ukishindwa basi, asione tena mtu wa Bukoba mlangoni kwake. Kaka akanitazama nikiwa nakata sare za wanafunzi, maana mimi ni fundi cherehani, akasema wewe shangazi mtu unajua kusema na watu. Nikafunga duka.

Mutukula, asubuhi. Nilivuka mpaka bila matata, nikapanda basi la kwenda Masaka, kisha lingine la Mbarara na Kasese. Nilipofungua mdomo tu kumwuliza jirani yangu kama kiti kina mtu, yule mama alisogea mpaka akabanwa na dirisha. Nilidhani nanuka jasho. Baadaye nikaelewa: katika Uganda, Kiswahili ni lugha ya wenye bunduki. Jeshi moja baada ya jingine lilikuja kwa raia likisema Kiswahili, na hata jeshi hili la sasa, lililotoka msituni likaichukua Kampala, lilikuwa likiamrishana kwa Kiswahili. Mimi nilikuwa naomba kiti, yeye alisikia kizuizi cha barabarani.

Katunguru, alasiri. Basi lilishuka mteremko mrefu, tukaona mbuga yote imelala chini, na mfereji wa Kazinga ukimeta. Karibu na daraja tulisimama, wachuuzi wakatuletea samaki wa kukaanga madirishani. Nikauliza bei kwa sauti yangu ya kawaida, ile ya kumwuliza mteja kama anataka mikono mirefu au mifupi. Kijana wa samaki alisimama wima, akasema, "Ndiyo, afande," akanichagulia samaki mkubwa kuliko wote. Nilimla kwa aibu kidogo, lakini nilimla wote.

Kasese, jioni. Deusi alinipokea pamoja na rafiki yake Thembo, fundi mwenzake, Mkonzo wa huko huko, ambaye angekuwa mkalimani wetu na mjuzi wa mila. Tukiwa tunakula, Thembo alinieleza tunakokwenda. Nyumba ile, alisema, huendeshwa kama kambi. Zamani, vijana waliojiunga na jeshi la msituni walifundishwa siasa kabla ya kupewa bunduki, tena asubuhi walikimbizwa mchakamchaka. Vita vilipokwisha, mafunzo hayo yakapelekwa kwa raia, kwa watumishi wa serikali na kwa wanafunzi. Afande Bwambale aliyapeleka kwa wakwe zake. Hapo ndipo nilipojua kwa nini mwalimu wetu alirudi akichechemea.

Jambo la pili alilolisema Thembo lilinitia wasiwasi zaidi. Jeshi lile lilipotawala liliunda kamati katika kila kijiji, na viongozi wake wakachaguliwa kwa watu kupanga mstari nyuma ya mgombea wanayemtaka, mchana kweupe, kila mtu akimwona mwenzake. Afande alikuwa mwenyekiti wa kijiji chake kwa miaka mingi kwa njia hiyo, na mpaka leo mambo ya nyumbani huyaamua hivyo hivyo. Kuuza ng'ombe, kura. Kubadilisha bati la jiko, kura. Nikauliza amewahi kushindwa mara ngapi. Thembo akaniangalia kama nimeuliza jua huchomoza mara ngapi usiku.

Asubuhi iliyofuata tulitoka na pikapu ya bosi wao, mbuzi wetu wa posa akiwa nyuma amefungwa. Pale Kikorongo tuliacha barabara kuu tukashika ya kuelekea Kongo. Kisinga ilikuwa imejaa watu wanaotembea kwenda shambani na pikipiki zilizobeba familia nzima. Milima ya Rwenzori ilikuwa imejificha mawinguni, na Deusi naye alikuwa amejificha ndani ya koti lake. Suti ile niliishona mwenyewe, na ilimkaa vizuri, lakini mwenye suti alikuwa anatetemeka.

Bwera, saa nne. Afande alitungoja uani akiwa amevaa kaunda suti ya kaki, mistari ya pasi imenyooka hata mimi nikamwonea wivu aliyeipiga. Ni mzee mfupi, mkavu, mwenye macho ya kucheka na mdomo usiocheka. Tulipotoka garini alitutazama, akamtazama mbuzi, akasema, "Nyinyi iko wanne. Mimi naliambiwa watatu."

Mchakamchaka ulifanyika. Deusi na Thembo walizunguka nyumba na viatu vyao vya ngozi, na mbuzi, aliyekuwa amefunguliwa, akawafuata kwa moyo wote. Mimi nilisamehewa, nikaamriwa kupiga makofi. Kisha tukaketi kwenye benchi, na Afande akachora msitu kwa mkaa kwenye ukuta wa jiko. Akatusomea historia: jinsi watu wachache wenye bunduki chache walivyoingia porini wakisema kura zao zimeibwa, jinsi wanakijiji walivyowalisha, jinsi kamati za siri za kuwalisha zilivyokuja kuwa serikali za vijiji. Thembo alininong'oneza kwamba Afande mwenyewe alijiunga walipofika upande huu wa Kasese, ushindi ukiwa umekaribia, lakini msitu ule aliusimulia mti kwa mti.

Sikujizuia, nikauliza baada ya ushindi bunduki zilikwenda wapi. Alijibu kwamba nyingine zilirudi kambini na nyingine zilikwenda bungeni, na ni kweli, jeshi lina viti vyake bungeni mpaka leo. Hata miche ya kahawa iliyokuwa ukingoni mwa ua, alisema, ililetwa na wanajeshi. Nikauliza tena, na hao waliotoka msituni wakizeeka, nani atashika? Afande alichukua kitambaa, akafuta msitu wote ukutani, akasema swali limepokelewa.

Wakati wa mapumziko mke wake, Mama Masika, alinivuta jikoni. Ni mama mpole, huuza maharage soko la Mpondwe, na Kiswahili chake ni cha Wakongo wa ng'ambo. Aliniambia anamtaka Deusi awe mkwe wake kuliko anavyotaka mvua. Masika, binti mkubwa, aliniambia hivyo hivyo. Mashemeji, majirani, hata bibi mzee aliyekuwa amelala kwenye mkeka, wote walimtaka. Nikatoka jikoni nikiwa na furaha, nikamwambia Deusi ajikaze, mambo yamekwisha.

Saa saba Afande aliita watu wote uani, wapatao ishirini. "Hapa kwangu mtu moja haiamui peke yake," alisema. "Tulipigana vita juu ya hiyo. Wananchi itaamua." Deusi akasimamishwa upande wa kulia kama mgombea. Kwa kuwa mgombea asiye na mpinzani si mgombea, Afande alisimama mwenyewe upande wa kushoto: anayetaka Biira aolewe apange nyuma ya Deusi, anayetaka abaki apange nyuma ya baba yake. Wagombea hawaruhusiwi kugeuka. Akaamrisha, "Panga laini."

Mama Masika alitangulia. Akaenda moja kwa moja nyuma ya mumewe. Masika akamfuata, na mume wake, na mashemeji, na majirani, na bibi mzee akainuliwa na mkeka wake akapelekwa huko huko. Nyuma ya Deusi alibaki Biira peke yake, amekunja mikono, machozi yanamtoka. Mimi na Thembo hatukuwa na kura. Niliwaangalia watu wale walioniapia jikoni, hasira ikanipanda mpaka masikioni.

Afande aligeuka kuhesabu. Nilitegemea kuona uso wa mtu aliyeshinda, lakini uso ulimshuka. Alimgeukia mke wake.

"Mama Masika, si ni wewe ulilia juu ya hii kijana mpaka chakula ikaungua?"

"Ndiyo, afande."

"Sasa unatafuta nini huku?"

"Niko nyuma yako," alisema. "Siku zote niko nyuma yako. Nani alinionyesha fasi ingine?"

 Afande alivua kofia akaivaa tena. Kisha akasema, kwa sauti ya chini ambayo hakuitumia kwenye somo, kwamba vitani mkubwa wao aliwahi kuwauliza kama njia ni salama, na wao, kwa woga, wakajibu wote ndiyo afande, na jioni wakazika wenzao. Alipomaliza alivuka ua, akaenda kusimama nyuma ya Biira.

Mstari wote ukamfuata. Masika, mashemeji, majirani, mkeka wa bibi. Mimi mwenyewe, mgeni wa Tanzania nisiye na kura, nilijikuta nimo mstarini nyuma ya Afande, tena nimenyoosha mikono ubavuni.

Mama Masika hakusogea. Alibaki peke yake upande wa kushoto, pale alipoachwa.

"Unamkataa kijana?" Afande aliuliza. Sasa alikuwa mpiga kura kama wengine, lakini hakugeuka, nadhani hakuthubutu.

"Ule mutoto mi namupenda," alijibu. "Lakini leo sikufwate. Nitavuka saa ile nitapenda."

Akaenda kwenye kiti cha Afande, kile cha mbao kilicho chini ya upenu, ambacho hakuna mwingine hukikalia. Akakaa. Akavuta birika, akamimina chai.

Tulisimama juani. Jasho lilimtiririka Deusi shingoni na kuingia kwenye kola niliyoishona kwa siku mbili. Hakuna aliyekohoa.

"Anakuja?" Afande aliniuliza pembeni mwa mdomo.

"Anakunywa chai," nikamwambia.

Baada ya muda akauliza, "Imebaki ngapi?"

"Nusu kikombe."

Akashusha pumzi. Mimi nikachungulia tena, ikanibidi nimwambie ukweli kwamba ameongeza.

Hatimaye Mama Masika aliinuka, akafunga kitenge chake vizuri, akavuka ua taratibu. Hakwenda mwisho wa mstari. Alitupita sote, akampita mumewe, akambusu Biira, akasimama mbele yake, mtu wa kwanza nyuma ya Deusi. Kwa mara ya kwanza, naamini, Afande akawa anautazama mgongo wa mke wake. "Kura zote," alisema.

Jioni tulirudi Kasese, na kesho yake nikashika njia ya nyumbani. Deusi alinisindikiza mpaka Katunguru, shingo imekakamaa, akiniuliza kile kimya kirefu nyuma yake kilikuwa cha nini, maana alidhani wote wamekwenda zao. Nilimweleza, akacheka mpaka akalia. Kwa wasomaji wa nyumbani naandika nilichojifunza. Jeshi lililoshinda vita linaweza kuwafundisha watu wa nchi nzima kusimama mstarini, na hilo si jambo dogo. Lakini kumngoja mmoja wao amalize chai yake, Afande Bwambale alijifunza uzeeni, kwake nyumbani, akiwa amesimama juani.