Ukubwa Unataka Giza

Baba yangu alikuwa na ugonjwa wa vitu vikubwa. Redio yake iliishinda ya mtu yeyote Kasulu, na kitanda chake kiliingia chumbani baada ya fremu ya mlango kuvunjwa. Kwa hiyo siku aliyotangaza kwamba atakuwa na sinema nyumbani kwake, miaka ile ya sabini ambayo hata nguzo ya umeme hatukuijua, mimi sikushangaa. Mama ndiye aliyeshtuka. "Baba watoto," alisema, "watu waje kutazama nini kwetu?" Baba akajibu kwamba ndiyo maana anainunua, ili waje.

Maana hawakuwa wakija. Baba alikuwa Mswahili, na huko kwetu milimani neno hilo halikuhusu lugha. Lilikuwa na maana ya Mwislamu mwenye duka, mvaa kanzu, ambaye babu yake alitoka pwani akalowea Ujiji, asiye na shamba la kueleweka. Mama alikuwa Muha wa Kibondo, na hilo lilitusaidia kidogo. Watu walinunua chumvi kwetu, wakatuamkia "mwakeye" kwa adabu zote, na watoto wao hawakuwaruhusu walale kwetu hata kukinyesha.

Tulishuka Kigoma kwa lori, mimi na yeye, kumwona mzee mmoja wa Kihindi aliyekuwa akifunga duka ahamie Dar es Salaam. Juu ya kaunta alikuwa na mashine mbili za sinema. Moja ilikuwa ndogo, ya betri ya gari, na picha yake ilienea upana wa meza ya chai. Nyingine ilitoka misheni. Ilitaka jenereta, ilikuwa na spika yake, na ungeweza kujaza nayo ukuta mzima. Mimi niliipenda ndogo na nikasema. Baba aliniuliza tangu lini nimekuwa fundi.

Mzee yule hakumdanganya, na hilo nalisema kwa sababu baadaye baba alimlaani sana. "Bwana, kubwa inataka giza," alisema. "Mwanga wa taa ni uleule. Ukiutandaza ukuta mzima unakuwa mwembamba, kama samli kidogo kwenye mkate mkubwa. Ndogo utaitazama hata dirisha likiwa wazi. Hii kubwa lazima uzibe nyumba." Baba akasema atatazama usiku. "Usiku huko kwenu milimani, mvua zikianza, wadudu wote watakuja kwenye taa," mzee alisema. "Utatazama kumbikumbi." Baba akacheka, akasema basi ataziba nyumba. Tukarudi na ile kubwa, na jenereta, na sinema moja ya Kihindi iliyokosa mwisho, na kopo moja la mkanda lililoshika kutu ambalo mzee alimpa bure.

Jumapili duka lilifungwa, na baada ya chakula cha mchana baba alianza kupigilia misumari. Alitundika mablanketi ya kijivu ya dukani kwenye madirisha yote mawili ya sebule, akaziba na upenyo wa chini ya mlango. Ukutani aliangika bafta nyeupe, vipande vitatu vilivyoshonwa pamoja, na ni sisi tu tuliokuwa tukiuza bafta pale mtaani, na kila mtu alijua watu huinunua kwa ajili ya sanda. Mlango ulikuwa ukisukumwa na upepo, basi akautia komeo. Nyuma ya nyumba jenereta ilinguruma mpaka sufuria za mama zikatetemeka.

Sasa jiweke mahali pa jirani. Ni mchana wa jua kali, Mswahili amejifungia na familia yake, madirisha yamezibwa kwa blanketi, injini inaunguruma, na ndani unasikia sauti za wanawake zikilia kwa lugha usiyoijua. Zilikuwa nyimbo za mapenzi, lakini nani angejua? Ilikuwa miaka ambayo watu waliovuka mpaka kutoka Burundi walikuwa wamejaa upande wa Kibondo na kwetu, na waliyoyasimulia kuhusu milango iliyofungwa na malori yaliyoachwa yakinguruma hayakumwacha mtu alale vizuri. Na habari za mumiani, wale wanaodaiwa kunyonya watu damu ikauzwe dawa, zilikuwapo hata kabla. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Wiki ya pili mama alipata salamu kutoka kwao Kibondo, dada yake akiuliza kama yu mzima. Mama aliogopa. Alimwomba baba aondoe yale mablanketi, naye akamjibu kwamba picha itafifia.

Jumapili moja aliamua kufungua lile kopo la bure. Wakati huo mama alikuwa uani akipika, karibu na injini. Mwanamke mmoja mteja wetu alikuja mlango wa mbele kuomba chumvi, akajitetea kwamba anajua ni Jumapili ila mumewe amemsisitiza aje. Baba alikuwa na furaha zake. Akampimia chumvi, akamwambia, "Ingia mama, uone maajabu. Ni bure." Akaingia, akakaa nami kwenye mkeka, baba akatia komeo.

Kwanza tuliona hospitali. Halafu nesi wa Kizungu anacheka. Halafu ukuta mzima ukawa mkono wa mtu, mkono ulionyoka kama gogo, wenye vinyweleo vilivyoonekana kimoja kimoja, na sindano ikaingia. Bafta ikaonyesha mpira, na chupa, na chupa ikaanza kujaa kitu cheusi. Ilikuwa sinema ya kufundisha watu kutoa damu hospitalini. Kwenye mashine ile ndogo mkono ule usingezidi mkono wangu.

Yule mama alisema neno moja tu, "amaraso," damu, kwa sauti ya chini kabisa. Kisha akaruka mlangoni, akakutana na komeo. Hapo alipiga ukelele. Baba alikimbia kumfungulia na katika lile giza alimshika bega, naye akamwuma mkono, meno yakazama. Mlango ulipofunguka alitoka mbio akaacha chumvi yake kwenye mkeka. Mimi nilimwona kwa macho yangu akikata kona ya msikiti. Majirani nao walimwona baba akisimama kizingitini na kanzu yenye damu.

Hakufika kwake usiku huo.

Kesho yake, jua likielekea kuzama, mumewe alikuja na wanaume wengi wa kijiji chao, panga mkononi. Hawakupiga kelele, na hilo lilinitisha kuliko kelele. Walisimama mbali kidogo na baraza letu. Baba alifungua mlango akawaambia waingie watafute. Hakuna aliyesogea. Ni nani angeingia mle? Mmoja alisema, kwa upole, kwamba wakishindwa kumpata wataichoma nyumba ili wajue.

Mama alipita katikati akazungumza nao kwa Kiha, mikono ameifumbata mbele kama afanyavyo mtoto wa kike mbele ya baba zake. Aliongea nao kwa muda. Kisha akarudi barazani, akamsogelea baba, na mimi nilikuwa nimeshika kanzu ya baba kwa hiyo nilisikia. "Baba watoto, niambie mimi. Yumo humu?"

Nikamwambia, "Mama, nimemwona akitoka." Mama aliniangalia kama unavyomwangalia mtoto aliyefundishwa la kusema. Mpaka leo nikilikumbuka jicho lile hasira inanipanda.

Baba alichukua taa ya chemli, akaiwasha, akaingia mbele, mama akamfuata. Mlango ulikuwa wazi na watu wote walimwona mama akitafuta. Alifunua magunia ya maharage. Aliinama chini ya meza ya mashine. Alivuta mkeka. Alikwenda hadi kwenye ile bafta akaisogeza kwa mkono mmoja, akapotea nyuma yake, na wanaume wale nje waliacha hata kukohoa. Akatoka. Akawaambia kwa Kiha kwamba hayumo, na wakamwamini, kwa sababu hawakumwona akiigiza. Walimwona mke akimtafuta maiti nyumbani kwa mumewe. Wakaondoka.

Yule mwanamke alirudi siku chache baadaye, ameletwa na kaka zake kutoka Heru, kwao. Alisimama mbele ya duka letu, mumewe naye akiwapo, akaeleza kwamba alikimbilia kwa baba yake, si kwa mumewe, kwa kuwa mumewe ndiye aliyemtuma Jumapili, duka likiwa limefungwa, na chumvi ilikuwapo nyumbani. Aliamini ameuzwa. Mumewe alicheka, akatazama huku na huku, akabaki anacheka peke yake. Kaka zake walirudi naye Heru.

Baba aliiuza mashine kwa mtu wa Kigoma. Hakumpiga mama, hakumwacha, wala hakumsema mbele yetu. Ila tangu siku ile, akitafuta nguo yake akaikosa, alisema polepole, "Kikulacho ki nguoni mwako," na mama aliinuka kwenda kumtafutia. Waliishi hivyo mpaka baba alipofariki. Nilimchukia baba kwa methali ile na mama nilimchukia kwa swali lake, kwa zamu.

Mama alipokuwa mzee sana nilimwuliza kama siku ile alitafuta kweli au aliwatafutia wale watu cha kuona. Nilitaka aseme aliigiza, atuokoe. "Nilitafuta, mwanangu," alisema. "Nilipoishika ile bafta nilifumba macho kwanza, ndipo nikaisogeza."

Na aliyekuwa akimmulika usoni kwa ile taa ni baba.