Mzee Mliyemfungia Geti Harusini

Mwanangu Mutuku, nakumbuka harusi ya dada yangu hapa Tala, nikiwa bado msichana wa kutumwa maji. Baba, mzee wa kanisa aliyeijua Biblia yake, alinituma sokoni nimwite Adan, Msomali aliyeuza mbuzi, aje atuchinjie. Ndivyo tulivyofanya siku zote, ili majirani Waislamu nao wale. Mjomba akanuna, akauliza kama Wakristo wamekosa mkono wa kushika kisu. Baba hakumpandishia sauti.

"Nikichinja mimi, Adan atakunywa soda aende zake," alimwambia. "Na mimi nimemwalika kula."

Yakaishia hapo. Adan alikula na watoto wake mpaka jioni, akiwemo Hassan, ambaye leo ana mvi kama mimi.

Sasa nikueleze jambo ambalo Jumamosi hukutaka kulisikia, maana ulikuwa umefura kama andazi. Kuna wahubiri wageni waliofika msikitini kwa kina Hassan. Wanafundisha vijana kwamba Mwislamu akienda harusi ya Mkristo, au hata akimtakia heri ya Krismasi, ameuza dini yake. Hassan alisimama mbele ya watu akawapinga, na tangu hapo kuna wenzake wasiomsalimia. Hilo angelivumilia. Linalomnyima usingizi ni mwanawe, Yusuf, ambaye ameanza kuwafuata wahubiri hao na hataki tena kula meza moja na babake. Hassan alinieleza haya dukani kwangu huku machozi yakimtoka. Nikamwambia aje naye Jumamosi kwenye harusi ya mjukuu wangu, atuchinjie kama zamani, kijana aone tunavyoishi. Alimbembeleza Yusuf sana mpaka akakubali.

Wakaja. Nanyi vijana wa kanisa mkasimama getini, wewe mbele yao.

"Mzee, hapa hatuli nyama ya dua zenu," ulimwambia. "Mnatuua huko mpakani, halafu mnakuja kula pilau yetu?"

Ukamwambia hayo mtu anayetengwa na wenzake kwa sababu yetu. Nilipotoka jikoni mbio nilimkuta Yusuf akisema, "Si nilikuambia, baba? Hawa hawakutaki." Wakageuka wakaenda.

Nimekasirika, mwanangu, na sitajifanya sijakasirika. Anayeua watu ni muuaji, na ukimjua mmoja, nenda polisi. Mafundisho ya wale wahubiri ni mabaya, yapinge waziwazi, na imani yako usimfiche mtu yeyote. Lakini kabla hujafungua mdomo, uliza aliye mbele yako ni nani. Wahubiri wale walikuwa bado wanahangaika kumshawishi Yusuf kwamba Mkristo ni adui yake. Wewe uliwamalizia kazi pale getini, tena ukiwa umevaa suti ya kanisa, na wenzako wakakupigia makofi.

Kesho utaenda kwa Hassan. Usivizie wakati Yusuf hayupo, huo ni uoga. Mwombe mzee radhi kijana akisikia, kwa sababu matusi yako pia aliyasikia. Wakikuacha nje, kaa hapo nje usubiri.

Mungu akupe moyo mpole na ulimi wa kweli, mwanangu. Na amguse Yusuf, akubali tena kula na babake.