Mshauri Asiyesalimia

Kibaha hapa mtu akikupita bila salamu, umeshamweka kwenye fungu la wenye kiburi, na humtoi humo upesi. Yasinta analijua hilo vizuri. Kazaliwa hapahapa, mtoto wa mwalimu, kalelewa kwa shikamoo asubuhi mpaka jioni. Na bado watu anawapita.

Ni mshauri nasaha. Chumba chake kipo mtaa wa Picha ya Ndege, nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, na wanaoingia humo wana mazito yao: msiba usioisha, ndoa iliyooza, hofu isiyo na jina. Siku ya kwanza humwambia kila mmoja: tukikutana njiani sikuanzi mimi, nangoja unianze wewe, asije mtu akakuuliza umenijulia wapi. Miaka yote hii hajaacha kustaajabu. Mwanamume aliyelia pale kitini mpaka sauti ikamkauka, kesho yake yuko stendi anacheka na wenzake, na kicheko ni cha kweli kabisa. Watu wamebeba mambo, jamani! Akiwatazama hivyo, moyo wake hunyenyekea kama yuko kanisani.

Sasa, kwa Hajra alisahau. Binti wa watu alitoka Mlandizi, kafiwa na mtoto mchanga, tena kaja kwa siri, maana mama mkwe alishakataza nyumba nzima kumtaja marehemu. Alianza kulia kabla hajakaa. Yasinta akashughulika na kile kilio, lile neno la salamu likampotea. Siku chache baadaye wakakutana sokoni, Yasinta akapita kimya. Jioni, kwenye ukurasa wa ofisi mtandaoni, pakatokea maoni ya nyota moja, yasiyo na jina la mtu: "Nimemfungulia moyo, sokoni kanipita kama hanijui. Kumbe hata salamu sistahili."

Yasinta alijua ni nani, na ilimchoma. Hajra hakurudi. Wateja wapya nao wakaacha kupiga simu, mpaka Anselmi, mwenzake anayeshughulikia ukurasa, akamwambia wazi kwamba wakiendelea hivi chumba kitafungwa. Dawa aliiona nyepesi: waliopona waombwe nyota tano tano, ile moja izame.

"Mtu aliyelia mbele yangu," Yasinta akamwambia, "nikimwomba nyota, ataweza kukataa?"

Anselmi akasonya. Basi angalau aliyeandika apigiwe simu, afute. Hilo nalo Yasinta hakulitaka, wala hakutaka kujitetea, maana kumjibu mtu yule ni kuutangazia ulimwengu kwamba aliwahi kukaa kile kiti. Aliandika ukurasani maneno ya watu wote tu: kwamba nani anakuja kwao na nani haji, hawasemi, kwamba mshauri hamwanzi mtu salamu njiani, na yeyote ambaye hakuambiwa hilo mapema amekosewa, anaombwa radhi. Anayetaka kutoa maoni atoe, ila hakuna atakayeombwa. Nyota yenyewe aliiacha ilipo, na mpaka leo ipo.

Ikapita kama miezi miwili. Yasinta alikuwa Mlandizi sokoni anachagua nyanya, akainua uso, akamwona Hajra pamoja na mama mkwe wake. Akainamisha macho, akageuka aende zake.

"Shikamoo, mama Yasinta."

Sauti ilikuwa kubwa, wauza nyanya wote wameisikia.

"Marahaba, mwanangu," akaitikia.

Mama mkwe akauliza huyu ni nani. Yasinta alishamtafutia Hajra uongo kichwani: mwalimu wa zamani, jirani wa shangazi, chochote. Hajra hakuuhitaji.

"Ndiye niliyekwenda kuzungumza naye habari za Maulidi," akasema.

Lilikuwa jina la mtoto. Tangu azikwe, kwao halikuwa limetamkwa. Yasinta amesoma vitabu vyake vyote, lakini ujasiri wa namna ile hakuwahi kuuona.

Yule mama akautua mkoba wake chini, akalisema na yeye, polepole, kama anajifunza: Maulidi.