Nilivyomshusha Mama Mdogo Kutoka Nyandira

Harufu ya klachi iliyoungua hukaa puani hata baada ya gari kupita. Juzi nilikuwa nyuma ya lori lililolemewa na mzigo kilimani. Moshi wake ukaingia hadi ndani ya gari langu, wanangu wakaziba pua na kupandisha vioo, wakanishangaa mimi kwa nini natabasamu. Nilikuwa nimerudi Nyandira, kwenye uwanja wa mpira uliojaa ukungu, na mguu wangu wa kushoto ulikuwa juu ya klachi ya pikapu ya mama mdogo.

Mama mdogo Felista ndiye aliyenilea, tangu mama alipokwenda kufanya kazi Turiani kwenye miwa. Alikuwa mfupi, mpana wa mabega, na sweta lake la kijani halikumtoka mwilini kwa baridi ya kule juu. Pikapu yake ilikuwa kuukuu kweli kweli, lakini kila siku ya soko ilishusha kabichi, karoti na njegere za majirani hadi Morogoro mjini, naye ndiye aliyekuwa kwenye usukani. Watu walizoea kusema kwamba Felista akibadili gia husikii kitu. Nami nilitaka nisemwe hivyo hivyo.

Nilipofika miaka kumi na sita alianza kunifundisha, Jumapili baada ya misa, uwanjani. Bibi, mama yake, alipenda kuja nasi kwa sababu ndani ya gari kulikuwa na joto. Alikaa katikati yetu, akajifunga kitenge chake, na kabla hatujamaliza mzunguko wa kwanza alikuwa amelala. Mama mdogo akamfanya kipimo changu.

"Yusta, ukimwamsha bibi yako, unashuka."

Nilishuka mara nyingi. Gari liliruka kama chura, likazima. Gia zilikwaruza hadi mbuzi wa padri wakakimbia. Watoto waliokaa kwenye ukingo wa uwanja walishangilia kana kwamba nimefunga goli, na kila gari lilipozima Bibi alifumbua macho, akashika rozari yake vizuri na kuuliza, "Tumefika?"

Siku moja nililia. Nikasema miguu yangu haisikii ninachoiambia. Mama mdogo hakunibembeleza, ila alinieleza kwa namna ambayo nilielewa mara moja, maana nilikuwa nimelea watoto wa jirani.

"Mtoto akisinzia mikononi, unamlaza vipi? Unamweka chini, halafu unauchomoa mkono pole pole. Ukiuchomoa haraka, anaamka. Klachi iachie hivyo hivyo. Na acha kukodolea macho hiyo gia. Sikiliza injini, itakwambia yenyewe imechoka."

Ikachukua Jumapili nyingine kadhaa. Kisha ikaja asubuhi moja nilipotoka ya kwanza kwenda ya pili, ya pili kwenda ya tatu, nikauzunguka uwanja mzima, nikarudi chini tena hadi ya kwanza, na Bibi anakoroma. Nilimtazama mama mdogo nikitegemea sifa. Akamfunika Bibi mabega na kusema, "Haya, rudia."

Masika ya mwaka ule, asubuhi ya siku ya soko, mama mdogo alipanda juu ya tairi kufunga turubai. Tairi lilikuwa na tope. Nilisikia kishindo, na nilipozunguka nyuma ya gari nilimkuta amekaa chini, uso umempauka, mkono wa kushoto umepinda mahali ambapo mkono haupindi. Kwenye magari yetu huo ndio mkono wa gia. Majirani wakaufunga kwa vipande vya ubao na khanga, wakashusha kabichi zote. Bibi akaanza kusali kwa sauti.

Mzee Laurenti, aliyekuwa akiendesha lori la mbao, alifika akatazama hali ile. Nilimwamkia, "Shikamoo, mzee," akaitikia bila kuniangalia.

"Felista, nitakushusha mimi kwa gari lako," alisema. "Barabara ina utelezi. Hiyo si kazi ya mtoto."

Mama mdogo alikuwa ameuma meno. "Ahsante, kaka. Dereva ninaye."

Nilidhani maumivu yamemchanganya. Nilitamani sana akubali, na nadhani hata Mzee Laurenti aliliona hilo usoni mwangu. Lakini mama mdogo alikuwa ameshaingia ndani, upande wa abiria, akijifungia mlango kwa mkono wa kulia.

Tuliondoka. Sikuwahi kuendesha nje ya uwanja, na mbele yangu kulikuwa na ile barabara nyembamba ya kushuka Mlali, mlima upande mmoja, korongo upande mwingine, tope jekundu katikati. Nilishuka na gia ya pili, na kwenye kona kali nikaingia ya kwanza. Kila jiwe tulilolikanyaga, mama mdogo aliuma ncha ya khanga. Nilisubiri aniambie punguza, ongeza, kata huku. Hakusema neno. Alikuwa amefumba macho.

Baada ya kuvuka kijito tulianza kupanda tena kidogo, na pale tukakuta watu na majembe wakiondoa udongo ulioporomoka njiani. Ikabidi nisimame katikati ya mpando. Walipotupisha, wote walisimama kunitazama. Nilikuwa nimevuta handibreki. Nikaingiza ya kwanza, nikainua mguu pole pole hadi injini ikabadili sauti na pua ya gari ikainuka kidogo, ndipo nikaiachia handibreki. Gari halikurudi nyuma. Halikuruka. Likapanda tu, na mmoja wa wale wenye majembe akapiga mluzi.

Kwenye kituo cha afya kule Mlali nesi alimpokea akauliza, "Nani amekuleta?"

"Dereva wangu, huyu."

Nesi akachungulia nyuma yangu kumtafuta dereva. Sijui kama nimewahi kusimama wima kama nilivyosimama pale, na tope hadi magotini.

Kwa miaka mingi nilijisifu kwa miguu yangu ya siku ile. Nilikuwa nimeshapata leseni na nina kazi yangu Mzumbe ndipo nikamuuliza mama mdogo, tukimenya njegere nje kwake, kwa nini hakumpa Mzee Laurenti usukani, na kwa nini alinyamaza njia nzima.

"Laurenti ameshasema mbele yako kwamba si kazi yako," alinijibu. "Ningempa usukani, ungemwamini yeye mpaka leo. Na macho niliyafumba kwa sababu ningeyafumbua ningekupigia kelele kila kona."

Nilikuwa nimedhani ni maumivu. Kumbe alikaa na mfupa uliovunjika, akijua kila jiwe na kila kona ya barabara ile, akajizuia kusema, ili nikifika chini niwe nimeendesha mimi. Bado najivunia miguu yangu, siwafichi. Lakini siku hizi, watu wakiniuliza nani hodari wa magari katika ukoo wetu, humtaja yule aliyekuwa kwenye kiti cha abiria.