Taruma la Sitini na Mbili

Kiangazi cha mwaka juzi nilimsindikiza mama kwenye njia ya reli ya zamani ya shamba la mkonge, ng'ambo ya Pongwe. Macho yake yalikuwa na ukungu, kifua kimekwisha, na hospitali walishanyoosha mikono. Alitaka kitu kimoja tu: aonyeshwe kaburi la baba, ili naye azikwe ubavuni pake.

Sisi watu wa kambini tulizikana kando ya reli. Wazee walitoka Songea kuja kukata mkonge, hawakuwa na ardhi hapa, na ukanda ule ndio haukupandwa kitu. Misalaba ya mbao iliisha kwa mchwa. Kwa hiyo kaburi tulilitambua kwa kuhesabu mataruma, vile vyuma vilivyolala chini ya reli, kuanzia kwenye kalavati. Baba alikuwa taruma la sitini na mbili, upande wa kulia kama unaelekea Muheza.

Shamba lilipokufa, watu waling'oa vyuma kuuza chakavu. Watu gani? Mimi na wenzangu. Tena tulijiona wastaarabu: hatukugusa mataruma yaliyoelekea makaburi, tulianza na ya kalavatini ambako hakuna aliyezikwa. Wapumbavu wakubwa sisi. Tulikuwa tumefuta mwanzo wa hesabu. Waliotufuata walimaliza yaliyobaki, na kalavati lenyewe wakalibomoa. Mama sikumwambia.

Siku hiyo jua lilikuwa la utosi. Njia ilibaki tuta la kokoto na upupu, na pande zote mkonge uliozeeka ukiwa umesimamisha milingoti mikavu. Mama alinishika mkono, akanisuta: "Mbona waniburuza kama gunia, mwanangu? Hesabu kwa sauti, nikusikie."

Nilianzia nilipobahatisha, nikawa nakanyaga udongo mtupu na kutaja namba. Masikio yaliniwaka kwa aibu. Nilipofika hamsini na kitu akaanza kuhema vibaya. Mbele kidogo palikuwa na mwarobaini wenye kivuli. Nikarefusha hatua, nikasimama hapo.

"Sitini na mbili."

"Ni hapa?"

"Ni hapa, mama."

Akapiga magoti, akapapasa majani. "Shikamoo, mume wangu. Nimechelewa, macho hayanipeleki." Akasali Baba Yetu, kisha akaniambia yeye tumlaze kushoto kwa baba. Uso wake ulitulia kuliko siku yoyote tangu augue.

Alifariki kabla ya masika. Asubuhi ya maziko nilitangulia peke yangu na sururu, nikachimba kulia kwa pale tutakapomlaza mama, pale nilipodai baba yupo. Nilichimba mpaka shimo likanifika magotini. Ardhi ilikuwa ngumu, haijawahi kuguswa na mtu. Nikafukia, nikatandaza majani juu.

Mchana padri alisema mama sasa amelala kando ya mumewe. Waombolezaji wakaitika amina, na mimi nikaitika nao.