Kupe wa Malaba

Mwezi uliopita nilikuwa Malaba kwa shughuli ya karatasi za gari, na msongamano wa malori ukanilazimu kusubiri hadi mchana. Nikaamua kutembea kidogo kufuata reli. Nyuma ya vibanda vya chipsi, upepo ukaniletea harufu ya unga wa wimbi uliochachishwa kisha ukakaangwa. Nilisimama pale pale na mkoba wangu mkononi, na kwa muda nikawa tena mtoto wa miaka tisa anayesubiri kuambiwa afungashe nguo zake arudi Funyula.

Nilifika Malaba miaka michache baada ya Uhuru. Kwetu Funyula tulikuwa watoto wengi, na senge, yaani dada ya baba, akaomba apewe mmoja amsomeshe. Mume wake alifanya kazi stesheni. Kila jioni alipanda ngazi za chuma kuwasha taa za ishara, na kila asubuhi alizishusha na kupangusa masizi kwenye vioo vyake. Tuliishi katika safu ya nyumba za wafanyakazi wa reli, vyumba viwili na jiko nje. Gari la moshi la mizigo lilipopita, vikombe viligongana kabatini na mazungumzo yakakatizwa, kisha kila mtu akaendelea na neno lake pale alipoliachia. Asubuhi walikuja akina mama kutoka ng'ambo ya Uganda na mikungu ya matoke kichwani, na kelele zao za Kiganda ndizo zilizoniamsha.

Kazi zangu zilikuwa kuteka maji, kufagia uani na kuchambua mawe kwenye wimbi. Kazi ya nne nilijipa mwenyewe. Nilikuwa na daftari kuukuu ambamo niliandika kila kitu: gari gani limechelewa, kuku gani ametaga, nani amekuja na amesema nini.

Wimbi ulikuwa wa mama yake mume wa senge, mwanamke mrefu kutoka Chakol ambaye sote tulimwita nyanya. Nyanya alitawala uani. Alikuwa mcheshi, lakini ulimi wake haukuchagua mtu. Wiki yangu ya kwanza aliitazama sahani yangu akasema, "Haki huyu mtoto anakula kama fundi ya reli!" Watu wote walicheka. Nami nilicheka. Kuanzia siku ile nikawa naacha nusu ya chakula changu, hata siku za kunde zilizoungwa kwa karanga.

Mvua za masika zilipoanza, wafanyakazi wa reli waliukata mvule mmoja mkubwa uliokuwa ukielekea kuangukia nyaya za simu. Nilipotoka shuleni nikaukuta umelala, na kwenye tawi moja la juu kulikuwa na kitu nisichowahi kukiona kwa karibu: fungu la mashina ya manjano manene kama vidole, majani machache magumu kwenye ncha, na mizizi myeupe iliyosimama kama sindano. Miaka mingi baadaye nilijua kwamba mmea ule huitwa okidi. Siku ile niliona tu kwamba umepoteza pa kukaa. Niliubandua pamoja na vipande vya gome, nikaubeba kichwani hadi nyumbani.

Nyanya alikuwa akikaanga wimbi. Hakuacha kukoroga.

"Hiyo ni kupe," alisema. "Inakaa juu ya mti ya wenyewe, inakula bure. Unaniletea ya nini?"

Nikasema nataka kuupanda.

"Haya, panda. Lakini ikikufa kabla ya Krismasi, nyinyi makupe wawili mtapanda basi ya Funyula pamoja."

Senge alicheka. Mume wake alicheka hadi chai ikampalia. Mimi nilikwenda nikayaandika maneno yale katika daftari, neno kwa neno, na chini yake nikahesabu wiki zilizobaki hadi Krismasi.

Basi nikaanza kuulea mmea ule kwa namna niliyoijua. Kwetu, kitu unachokipenda hukipa mbolea. Nilijaza debe udongo mweusi, nikachanganya na samadi ya ng'ombe, nikaizika mizizi yote hadi shingoni na kumwagilia asubuhi na jioni. Nililisha mmea ule kama ambavyo mimi mwenyewe ningetaka kulishwa. Wiki ya tatu majani mawili yaligeuka manjano. Ya nne, shina moja likalainika kama ndizi iliyopitiliza, na debe likaanza kunuka.

Sikuthubutu kumwambia senge. Nilisubiri nyanya aende sokoni, nikalibeba debe hadi kwa jirani yetu, Mwislamu mwenye asili ya Jinja ambaye mume wake aliuza vitambaa. Barazani kwake kulijaa asumini na waridi katika mikebe ya mafuta ya kupikia, na nilikuwa nimeona anavyozungumza nayo. Alichungulia debe, akaziba pua kwa mtandio.

"Nnyabo mdogo, umezika nani humu?" aliuliza, akiniita bibi mdogo kwa Kiganda.

"Ni ua, mama. Nimeliwekea mbolea."

"Mbolea! Ulilikuta wapi?"

"Juu ya mti."

"Na huko juu ulikuta ng'ombe?"

Nilianza kulia. Aliacha mzaha mara moja, akamwaga debe lote uani na kuniketisha. Alipitisha kisu kwenye moto wa jiko, akakata kila mzizi uliooza, akaacha ile michache iliyobaki migumu. Akaniambia niuache mmea kivulini siku tatu bila tone la maji, kisha niufunge kwa kamba ya katani kwenye kipande cha gamba la mvule, na nyuma yake nipachike vipande vya makaa. Upate jua la asubuhi tu. Kuhusu maji alinifundisha jambo ambalo nimelifuata hadi leo: mzizi ukiwa mweupe kama chaki, una kiu, ukishalowa hugeuka kijani, na hapo uache.

Nikamuuliza lile nililokuwa nalo moyoni. "Mama, ni kupe?"

Alichukua kipande cha gome kilichotoka debeni, akabandua mzizi uliokufa juu yake. Chini ya mzizi gome lilikuwa zima.

"Angalia mwenyewe. Kuna tundu? Kupe hutoboa akanyonya. Huyu ameshikilia tu asianguke. Chakula anajitafutia, mvua na takataka za upepo."

Nilimwomba arudie, nikayaandika.

Mahali pazuri pa jua la asubuhi palikuwa kwenye nguzo ya banda la nyanya, nyuma ya jiko. Hapo ndipo wazee wenzake, wake kwa waume, walipokutana Jumamosi mchana kuzunguka chungu cha ajono, pombe ya wimbi inayonywewa kwa mirija mirefu. Pombe ile huongezwa maji ya moto kila ikipungua, na kazi ya kuleta birika ilikuwa yangu. Mvuke ulipanda chunguni, ukazunguka bandani, ukatoka polepole kupita pale nguzoni. Daftari langu linaonyesha nilichokiona: kila Jumamosi jioni mizizi ilikuwa kijani bila mimi kuinyunyizia tone.

Siku moja nyanya alifuata macho yangu akaelewa. "Kumbe kupe yako inalewa na sisi!" Kuanzia hapo hakukubali chungu kiwekwe mahali pengine. Mgeni akihamisha kigoda chake upande wa nguzo, alifokewa, "Toka hapo mzee, unazuia mwenzako kunywa." Jirani alipozisikia habari hizo alishika kichwa. "Astaghfirullah! Asumini yangu haijawahi kulewa hata siku moja, na inachanua vizuri tu."

Mnamo Novemba mzizi mpya ulitokea, mfupi, ncha yake kijani kibichi, ukashika gamba la mvule. Ulikuwa mmoja tu. Shina jingine lilikuwa limenyauka, na sikuwa na hakika kama mtu mwenye haraka angeuita mmea ule mzima au maiti.

Siku mbili kabla ya Krismasi, senge alinipangia nguo za kwenda nyumbani kusherehekea. Hakuna aliyesema lolote kuhusu kurudi Januari. Kesho yake niliamka mapema, nikaufungua mmea kutoka nguzoni, nikauviringisha kwa gunia na kuuweka kikapuni juu ya nguo zangu. Ilisemwa kwamba tutaondoka pamoja, basi nilitaka tuondoke kwa adabu.

Nyanya alinikuta mlangoni.

"Hiyo kikapu inapeleka wapi maua yangu?"

Nikasema, "Ulisema tutarudi Funyula wawili."

"Nani alisema?"

"Wewe, nyanya. Imeandikwa." Nikatoa daftari nikamsomea.

Nyanya akaketi pale kizingitini, jambo ambalo wazee hawalifanyi, akanishika mikono yote miwili.

"Mimi nilisema hivyo? Na wewe umebeba hiyo maneno toka mvua mpaka leo?" Aliita kwa sauti, "Mama Stesheni! Njoo usikie huyu mtoto!" Senge akaja mbio akidhani nimeumia. "Hii maua inabaki hapa. Na wewe shule ikifunguliwa unarudi. Nani ataniletea birika? Nani ataandika mambo ya hii nyumba?"

Sijui kama umewahi kutua debe la maji ulilolibeba mlima mzima. Shingo huendelea kujisikia ndefu kwa dakika kadhaa. Ndivyo nilivyojisikia. Kabla ya basi senge alinipa ugali wa wimbi na mihogo, na mboga ya jana. Nilimaliza sahani nikaomba nyingine. "Si nilisema," nyanya alitangaza, "fundi ya reli!" Safari hii nilicheka na chakula kikiwa mdomoni.

Okidi ilichanua kiangazi cha mwaka uliofuata, maua madogo ya manjano yenye madoa ya kahawia kama ngozi ya chui, na nyanya akawaita watu kutoka Chakol waje kumwona kupe wake.

Mwezi uliopita sikuiona nguzo ile, wala banda. Zile nyumba za safu zimebomolewa na mahali pake malori yanasubiri kuvuka. Duka la vitambaa ni chumba cha kutuma pesa. Taa za mume wa senge hazipo, na wote niliowataja hapa nimekwisha kuwazika, isipokuwa huyo kupe, ambaye kipande chake kimo barazani kwangu juu ya gamba la mvule, na asubuhi ile kabla ya kutoka nilikuwa nimetazama mizizi yake.

Niliifuata harufu ya wimbi hadi kwenye kibanda cha mama mmoja aliyekuwa akikaanga, na kando alikuwa akiuza chakula. Niliagiza ugali na kunde za karanga. Alinipakulia nyingi, akaniuliza kama apunguze.

"Acha tu, dada," nikamwambia, nikala yote.